Viatu vya kiume: maswali tunayoulizwa zaidi, kuanzia suti ya harusi hadi kadeti ya Ijumaa

Maswali haya yametoka kwa wateja. Wengine huuliza wakiwa dukani na kiatu kimoja mguuni, wengine hutuma ujumbe usiku wa kuamkia harusi. Tunauza viatu vya kiume Kariakoo, vipya na vya mtumba, kwa hiyo majibu yetu yana upande: tunapenda ngozi, tunapenda soli inayoshoneka, na uvumilivu wetu kwa leza bandia, yaani plastiki inayoigiza ngozi, ni mdogo. Si lazima usome yote. Tafuta swali lako.

Nina hela ya jozi moja tu ya kutokea. Ninunue ipi?

Derby nyeusi ya ngozi (aina ya kiatu tunayoieleza kwenye swali linalofuata), yenye kamba, mbele iwe ya mviringo wa kawaida, isiwe na matundu ya urembo, soli iwe ya mpira na iwe nyembamba. Hiyo utaingia nayo kwenye usaili, kanisani, kwenye send-off ya dada yako, mahakamani na msibani, na hakuna atakayekukodolea macho. Siku ya kawaida unaivaa na suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu, na bado iko mahali pake.

Wengi wakija na hela ya jozi moja wanavutwa na kiatu kinachoita kwa mbali: kahawia ya kung'aa, ncha ndefu, bakoli (chuma cha kufungia) ya dhahabu. Kiatu cha namna hiyo kina siku zake mbili tatu kwa mwaka. Ukiwa na kimoja tu, nunua kile ambacho watu hawatakikumbuka.

Oxford na Derby si kitu kimoja? Zote zina kamba.

Zinafanana kwa mbali. Shika kiatu utazame pale kamba zinapopita. Kuna vipande viwili vya ngozi vyenye matundu, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kwenye Oxford, vipande hivyo vimeshonwa chini ya ngozi ya mbele, kwa hiyo ukifungua kamba kiatu kinaachia kidogo tu, kama herufi V nyembamba. Kwenye Derby, vimeshonwa juu ya ngozi ya mbele na chini viko huru. Ukifungua kamba vinafunguka kama mbao mbili za dirisha.

Kwa sababu hiyo Oxford ina sura iliyofungika zaidi, na ndiyo iliyo rasmi zaidi. Derby ina nafasi. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka, au mguu mpana, anapumua ndani ya Derby, na ndani ya Oxford anateseka. Miguu yetu mingi imekulia kwenye ndala na peku, imetanuka mbele, na ndiyo maana jibu la kwanza hapo juu limesema Derby.

Wamarekani wanaiita Derby jina la Blücher, jenerali wa Prussia aliyepigana na Napoleon huko Waterloo mwaka 1815. Inasemekana alitaka askari wake wawe na kiatu cha kuvaa haraka na kuvua haraka. Asili yake ya kambini inaonekana hadi leo: Derby ni kiatu cha kazi kilichopanda cheo.

Kipimo kimoja cha Oxford: ukishaifunga, vile vipande viwili vikutane au vibaki na mwanya mdogo sana. Vikiachana upana wa kidole, kiatu kinakukataa. Usidanganywe kwamba kitatanuka.

Nitajuaje kiatu fulani ni rasmi kiasi gani, hata kama sijui jina lake?

Tazama mambo manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza, kimefungika kiasi gani? Kadiri mguu unavyofichwa na mishono inavyopungua, ndivyo kinavyopanda. Kiatu cha kamba kiko juu ya kiatu cha kudumbukiza, na cha kudumbukiza kiko juu ya sandali.

La pili, soli. Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Kiatu kinaweza kuwa cheusi, cha ngozi, cha kamba, lakini kikiwa na soli nene yenye meno, au soli nyeupe, kimeshashuka ngazi mbili na hakitapanda hata ukipige kiwi namna gani. Soli rasmi ni nyembamba, rangi yake ni ya kiatu chenyewe au nyeusi, na ukikitazama kwa ubavu inaonekana kama mstari.

La tatu, rangi. Nyeusi juu, kahawia iliyokolea chini yake, kisha kahawia ya karanga, kisha rangi nyingine zote.

La nne, urembo. Yale matundu madogo yaliyopangwa kwenye ngozi huitwa brogue, na yalitokana na viatu vya mashambani vya Ireland na Uskoti. Yanapendeza, lakini kila tundu linakishusha kiatu kidogo. Oxford nyeusi iliyojaa matundu haiko sawa na Oxford nyeusi iliyo tupu, hata zikiwa za bei moja.

Ukiyajumlisha hayo unapata ngazi yenyewe. Juu kabisa kuna Oxford nyeusi tupu au yenye mshono mmoja tu unaokata mbele. Chini yake kuna Derby nyeusi, kisha kile cha bakoli ya pembeni, kisha viatu vya brogue vya kahawia, kisha moka (kiatu cha kudumbukiza kisicho na kamba), kisha buti fupi za swedi (ngozi yenye sufi laini juu), kisha raba tupu za ngozi. Raba za mazoezi, yebo yebo na ndala tuziache zipumzike, hazijaalikwa.

Kadi ya mwaliko imeandikwa "Black Tie". Wanamaanisha tai yoyote nyeusi?

Kwa maana yake ya asili ni tuxedo (suti nyeusi ya sherehe za usiku) na tai ya kipepeo, na kiatu chake ni Oxford nyeusi tupu, mara nyingi ya ile ngozi inayong'aa kama kioo. Kiuhalisia, ukumbi mzima utakuta wanaume wenye suti nyeusi za kawaida. Oxford nyeusi iliyopigwa kiwi vizuri inatosha. Ila suruali halisi ya tuxedo haina vitanzi vya mkanda, kwa hiyo usilazimishe mkanda.

Nina suti ya bluu iliyokolea. Kiatu cheusi au cha kahawia?

Vyote viwili vinakubali. Cha kahawia iliyokolea kinapendeza zaidi mchana, cheusi kinapendeza zaidi usiku na mahali penye mambo mazito.

Suti nyeusi inataka kiatu cheusi, basi. Tunaona suti nyeusi na kiatu cha rangi ya karanga kila Jumamosi, tunajua mtindo huo unapendwa, na bado tunasema hapana: macho yote yanakwenda miguuni, na suti uliyoitolea hela inabaki kama kivuli. Kijivu kilichokolea kinachukua cheusi au kile cha rangi ya damu ya mzee, ambacho watu hapa wanakisahau sana. Kijivu cheupe na rangi ya mchanga vinataka kahawia.

Huko London kulikuwa na desturi kwamba mtu wa benki havai kiatu cha kahawia mjini. Kahawia ni ya shamba, siku za mapumziko. Sisi hatuna sababu ya kuibeba desturi hiyo. Jua la Dar ni kali, na nyeusi kuanzia shingoni hadi chini saa saba mchana inachosha hata kuitazama.

Nina usaili wiki ijayo. Nivae nini miguuni?

Benki, serikalini, mashirika makubwa, ofisi za wanasheria: nyeusi, ya kamba, bila mjadala. Kampuni ya programu au ya matangazo: Derby ya kahawia au moka safi inatosha, na Oxford ya kioo itakufanya uonekane umekuja kufungisha ndoa.

Wanaokusaili wataona viatu vyako mara mbili, ukiingia na ukitoka. Ukitoka wanaona visigino. Mtu anapiga kiwi mbele hadi unajiona, huku nyuma kisigino kimeliwa upande mmoja kama kipande cha sabuni. Kabla ya kununua kiatu kipya, peleka ulicho nacho kwa fundi abadilishe mpira wa kisigino. Ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni ndogo.

Kama unakwenda kwa bodaboda au daladala, weka kitambaa kikavu kwenye mfuko wa koti. Futa viatu ukiwa getini, usingoje ufike mapokezi. Na ukiwa wewe mwenyewe ndiye dereva wa pikipiki, tazama kiatu cha kushoto, juu ya vidole: gia inaikwangua ngozi pale pale kila siku. Ukiwa njiani vaa kingine.

Mimi ni bwana harusi. Nianzie wapi?

Anza na muda utakaosimama. Ibada, picha ufukweni, ukumbini, keki, zawadi, muziki hadi usiku. Kiatu kinachokubana kidogo saa nane mchana kitakuwa adui yako saa tatu usiku, kwa sababu miguu inavimba kwa joto na kusimama. Jaribu viatu jioni, ukiwa na soksi zilezile utakazovaa, kisha vivae nyumbani wiki nzima kabla.

Ukifunga ndoa kanisani, utapiga magoti. Ukipiga magoti, kanisa zima linatazama soli zako, na mpiga picha yuko nyuma. Bandua kibandiko cha bei. Bandua na kile cha saizi. Tumeona picha nzuri sana za ndoa ambazo tarakimu za bei zinasomeka vizuri kuliko jina la kanisa.

Soli mpya ya ngozi inateleza kwenye vigae vya ukumbi kama umekanyaga mafuta. Ikwangue kidogo kwa msasa, au tembea nayo nje kwenye saruji dakika kadhaa. Usingoje uteleze ukiwa umemshika bibi harusi mkono mbele ya kamati nzima.

Wapambe nao wana mambo yao. Kamati hupenda kununua jozi sita zinazofanana, na jozi sita zinazofanana kwa bei ya kamati huwa ni leza bandia. Mmoja mguu wake mpana, mwingine ana saizi 46 ambayo duka halina, na wa tatu soli yake inaachia kabla ya kufika kwenye keki. Afadhali muwaambie rangi moja na aina moja, kwa mfano Derby ya kahawia iliyokolea, kila mtu atafute yake. Kwenye picha hakuna atakayegundua.

Na ndoa ya Kiislamu?

Nikaha ikifungwa msikitini au nyumbani utavua viatu mlangoni na kukaa chini. Kwa hiyo kamba ndefu ni mzigo tu. Ukivaa kanzu na joho, makubazi mazuri ya ngozi ndiyo yenyewe. Ukivaa suti kwenye walima, chukua moka nyeusi tupu, isiyo na vyuma, na utazame soksi zako mapema: tundu kwenye kidole gumba halina pa kujificha.

Kanzu inavaliwa na kiatu gani siku za kawaida?

Makubazi, na hatuoni mjadala. Pwani yote, kutoka Lamu hadi Zanzibar, vazi hilo na kiatu hicho vimekua pamoja, na hata Omani mwanaume mwenye dishdasha (kanzu ya huko) yake nzuri anavaa ndara za ngozi hata kwenye shughuli kubwa. Sandali iko chini kabisa kwenye ngazi ya suti, lakini kanzu ina ngazi yake, na huko makubazi yako juu.

Kinachofanya makubazi yawe ya heshima ni ngozi nene iliyokatwa safi, mshono ulionyooka, gidamu isiyolegea, na kisigino cha mtu kisichopasuka. Hilo la mwisho hatuuzi. Paka mafuta.

Kanzu ikivaliwa na koti juu, kama wafanyavyo Waganda kwenye sherehe zao za kutambulisha mchumba, kiatu kilichofungika cheusi au cha kahawia kinaendana nayo zaidi, kwa sababu koti limeshaivuta kanzu upande wa suti. Vijana wanavaa kanzu na raba nyeupe siku ya Idi. Ikiwa nyeupe kweli na tupu, tunakaa kimya. Ikiwa na rangi nne na maandishi, tunawaachia wazazi wao.

Moka zinafaa ofisini?

Inategemea moka gani. Jina hilo limebeba vitu vingi mno.

Moka yenye utepe mmoja wa ngozi juu, ya ngozi ngumu kiasi na yenye kisigino, inafaa ofisi nyingi. Asili yake ni viatu vya Aurland, Norwei, na kampuni ya Marekani ya G.H. Bass ilianza kuuza yake mwaka 1936. Ile yenye kipande cha chuma juu kama hatamu ya farasi ni ya Gucci, ya mwaka 1953, na baadaye wenye mabenki wakaanza kuivaa hata na suti. Hizo mbili vaa na suruali ya kitambaa, kadeti, hata suti isiyo na tai.

Moka laini isiyo na kisigino, yenye vipele vya mpira chini na kwenye kisogo cha kiatu, ilitengenezwa kwa ajili ya kuendeshea gari. Ivae kwenye gari, kwenye mgahawa, na kadeti Jumamosi. Ukiitembeza kwenye lami kutoka Posta hadi Kariakoo, vipele vyote vimekwisha ndani ya miezi michache, na fundi hawezi kukusaidia.

Kuhusu kuvaa bila soksi: joto la Dar na mguu mtupu ndani ya ngozi ni harufu inayosubiri zamu yake. Kuna soksi fupi zinazojificha ndani ya kiatu. Nunua jozi kadhaa.

Naweza kuvaa raba na suti?

Unaweza, kwa masharti. Raba iwe ya ngozi, rangi moja, haina nembo kubwa, soli yake ni nyembamba na imesafishwa. Suti nayo iwe nyepesi, suruali ifike kifundoni isilale juu ya raba, na tai iachwe nyumbani.

Mahakamani, kwenye usaili wa benki, mbele ya wakwe siku ya posa: usithubutu. Na kama unaota ubunge upande wa Kenya, kanuni za Spika zinataja vazi la mbunge mwanaume kipande kwa kipande, koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Soksi zimetajwa kwa jina lake.

Kaunda suti je?

Vazi hilo, lililopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, linakaa katikati ya suti na shati. Ya mikono mirefu ya kitambaa kizito ivalie Derby nyeusi au ya kahawia kulingana na rangi. Ya mikono mifupi inakubali moka yenye kisigino. Oxford ya kung'aa inaizidi nguvu.

Msibani?

Rangi nyeusi au iliyokolea, kiatu cha kuvua na kuvaa haraka, kwa sababu utakaa mkekani, utaingia ndani kusalimia wafiwa, utatoka, utakwenda makaburini kwenye udongo mbichi. Moka nyeusi ya soli ya mpira inakidhi yote. Raba nyekundu yenye nembo, hata kama ndiyo mpya, iache.

Wakati wa masika nafanyaje? Barabara yetu ni tope tupu.

Fanya kama wanavyofanya wafanyakazi wengi mjini: kiatu kinaishi chini ya meza ofisini, njiani unakuja na ndala au gumbuti. Hakuna aibu hapo.

Ikibidi utembee nacho, kiwe na soli ya mpira. Soli ya ngozi inanyonya maji kama tambi na huoza mapema. Swedi usiiguse kuanzia Machi mpaka Mei. Kiatu kikilowa, toa kamba, jaza magazeti ndani, kiweke kivulini penye upepo, badilisha magazeti yakishalowa. Usikiweke juani wala kando ya jiko. Ngozi ikikaushwa kwa moto inakakamaa, na ukikunja mguu siku ya pili inapasuka pale pale kwenye mikunjo ya vidole. Kikikauka ndipo upake kiwi.

Nikienda mtumbani, Karume au Gikomba, nitatambuaje kiatu kizuri?

Hapa tuna mengi ya kusema, kwa sababu mtumba ndiko kwenye viatu bora vya kiume kwa bei ya mtu wa kawaida, na ndiko kwenye hasara pia.

Anza na ngozi. Kunja kiatu pale vidole vinapokunjika. Ngozi halisi inatoa mikunjo midogo isiyolingana, na ukiachia inarudi taratibu. Leza bandia inatoa mkunjo mmoja mkali, na ikiwa ya zamani utaona vipande vyembamba vinabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Tafuta ukingo uliokatwa, kwa mfano kwenye ulimi: ngozi ina nyuzinyuzi kama sufi, bandia ina kitambaa chenye plastiki juu. Harufu isikudanganye sana, maana mafundi wa mtumba wanapaka vitu vingi.

Kisha soli, na hapa ndipo wengi wanapolia. Kuna soli laini, nyepesi, ya poliyurethini, inayotumika sana kwenye viatu vya starehe. Unyevu wa hewa unaivunja polepole kutoka ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa. Unanunua kiatu kinachoonekana kipya, kimekaa kabatini Ulaya miaka kadhaa, kimesafiri kwenye robota, unakivaa siku ya kwanza, na kufikia saa sita soli inadondoka vipande kama mkate mkavu. Dawa yake ni kuminya soli kwa ukucha wa dole gumba kabla ya kulipa. Ikibaki na alama isiyorudi, au ikinata, au ikitoa unga, rudisha. Pinda na kiatu chenyewe uone kama soli inapasuka mistari midogo.

Tatu, mshono. Kiatu chenye mshono unaozunguka juu ya ukingo wa soli, pale kwenye mkanda mwembamba wa ngozi, huenda ni kile cha mtindo wa Goodyear, uliopewa jina la Charles Goodyear mtoto, ambaye mashine zake zilienea kuanzia miaka ya 1870. Hicho fundi anaweza kukitoa soli na kuweka nyingine, tena na tena. Lakini angalia vizuri, kwani viwanda vingine vinaweka mshono wa bandia kwa urembo tu, juu ya soli ya gundi. Vuta mkanda huo kidogo kwa kucha; ule wa uongo ni plastiki iliyomwagwa pamoja na soli, na nyuzi zake hazipiti upande wa chini.

Mwisho, weka mkono ndani. Mwenye kiatu wa kwanza ameacha umbo la mguu wake kwenye kitako cha ndani. Shimo la kisigino likiwa refu, au upande mmoja ukiwa umezama, mguu wako utafuata njia ya mtu mwingine na goti litakuuma.

Saizi 8 ni sawa na 42?

Kwa viatu vya kiume, 8 ya Uingereza inakaribia 42 ya Ulaya, 9 inakaribia 43. Ya Marekani huwa juu kwa namba moja, kwa hiyo 9 ya Marekani ni takriban 8 ya Uingereza. Tunasema "inakaribia" kwa sababu vipimo havikatiki sawa: namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, namba moja ya Uingereza ni theluthi ya inchi, yaani milimita 8 na kitu. Kwa hiyo kuna mahali lazima zipishane.

Kiatu cha ngozi kinatanuka kwa upana kidogo, kwa urefu hakitanuki. Vidole vikigusa mbele ukiwa dukani, vitagusa mbele daima.

Vile vyenye ncha ndefu bado viko kwenye chati?

Vinauzwa, na tunaviuza. Ila ncha ikizidi, inajikunja juu ikizeeka, na suruali nyembamba inaufanya mguu uonekane kama mtumbwi. Ukitaka kurefusha sura ya mguu, tafuta kiatu kilichochongoka kwa upole tu.

Mkanda lazima ufanane na kiatu?

Rangi ikaribiane, na vyote viwili viwe na mng'ao unaofanana. Bakoli ya kiatu na ya mkanda ziwe za chuma cha rangi moja. Soksi zifuate suruali, ziwe ndefu kiasi kwamba ukikaa na kukunja nne, ngozi ya muundi isionekane. Soksi nyeupe za mpira zibaki uwanjani.

Kiwi ipi, na nipake vipi?

Kopo la nta ndilo bora. Ile yenye jina lenyewe ilianza kutengenezwa Melbourne mwaka 1906 na William Ramsay, na ndege yule alichaguliwa kwa heshima ya mke wake aliyetoka New Zealand. Leo hata kopo la kampuni nyingine tunaliita kiwi.

Toa kamba. Piga brashi kavu kwanza uondoe vumbi, maana kiwi juu ya vumbi ni sawa na kupaka msasa. Paka kidogo sana kwa kitambaa, kwa mizunguko. Ngoja dakika kumi. Piga brashi hadi king'ae. Ukitaka kioo mbele, ongeza tone la maji na kiwi kidogo, sugua kwa pamba, rudia. Chupa yenye sponji ni ya dharura. Inang'arisha upesi lakini inaacha tabaka linalokauka na kupasuka. Kiatu cha kahawia kipake kiwi ya rangi yake au isiyo na rangi. Wale vijana wa kushaini barabarani ni hodari, ila mwonyeshe kopo kwanza, kabla hajazamisha kitambaa chenye nyeusi ya jana.

Usivae jozi moja siku mbili mfululizo kama una uwezo. Jasho linahitaji siku nzima kukauka.

Ijumaa ofisini tunaruhusiwa kuvaa kawaida. Kuna kitu kati ya kiatu cha kamba na raba?

Buti fupi ya swedi, yenye matundu mawili au matatu ya kamba kila upande. Nathan Clark wa kampuni ya Clarks aliiona miguuni mwa maofisa wa Uingereza huko Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaifanya biashara baada ya vita. Huku kwetu ndugu yake ni safari buti za Bata, zinazotengenezwa Limuru, Kenya. Baba zetu wengi walizivaa kazini, na sasa vijana wa Nairobi wamezirudia. Zinaoana na kadeti, jinzi isiyochanwachanwa na shati la kawaida. Zisafishe kwa brashi kavu tu, na kiwi usiziguse nayo.

Nikishapata Derby nyeusi, jozi ya pili na ya tatu ziwe zipi?

Ya pili ni moka ya kahawia iliyokolea yenye kisigino, maana inafika pale Derby inapoonekana nzito. Ya tatu inategemea maisha yako: wa mikutano na harusi nyingi achukue Oxford nyeusi, wa ofisi huru achukue raba tupu ya ngozi, mtu wa pwani anayevaa kanzu kila Ijumaa atafute fundi mzuri wa makubazi ampime mguu.

Mnaweza kunichagulia kwa picha?

Tunaweza. Piga picha ya suti ukiwa nje, kivulini, mchana. Chini ya taa ya ndani bluu iliyokolea na nyeusi hazitofautiani, na tumeshapeleka kiatu cha kahawia kikaenda kukutana na suti nyeusi. Simama pia juu ya karatasi nyeupe jioni, chora mzunguko wa miguu yote miwili kwa kalamu iliyosimama wima, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu na upana wa sehemu ya mbele, kisha tutumie vipimo vya mguu mkubwa. Kwa watu wengi mguu mmoja umeuzidi mwingine, na kiatu kinanunuliwa kwa ule mkubwa.